Kompyuta Kuukuu na Joto la Oktoba

Mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijashika, mji wa Tabora hukabiliwa na jua kali na hewa kavu. Mchana wa mwezi wa Oktoba joto la kivulini hupita nyuzi 30 za Sentigredi, na upepo wa barabarani huokota vumbi laini na kuliingiza hata ndani ya makabati yaliyofungwa. Katika kata ya Kitete, ambayo watu wengi huijua kwa sababu ya hospitali ya mkoa yenye jina hilo, zipo ofisi, shule na steshenari ambazo kazi zake hutegemea kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika miaka kumi, kumi na mitano au zaidi. Nyingi katika hizo ziliingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Ni katika majuma haya ya Oktoba ambapo kompyuta iliyofanya kazi vizuri mwezi wa Julai huanza kulia mlio usio wa kawaida, kuonyesha katika kioo maneno ya kwamba joto la prosesa limepita kiasi, na hatimaye kujizima yenyewe.

Jambo hili si usumbufu mdogo. Mwenye steshenari hupoteza mapato ya siku. Karani wa shule anayepanga orodha ya watahiniwa kabla ya mitihani ya Novemba huweza kupoteza kazi ya juma zima, maana kompyuta inayozimika ghafula wakati diski ikiandika huweza kuacha faili lisilofunguka tena. Aghalabu hatua zinazochukuliwa ni tatu: ubavu wa kasha hufunguliwa na feni ya mezani kuelekezwa ndani, au programu ya kuua virusi huwekwa upya, au huitwa mtu ambaye, baada ya kutazama kwa dakika mbili, hutangaza kwamba prosesa imeungua na kwamba yafaa kununua kompyuta nyingine. Hatua zote tatu zaweza kuwa si za lazima. Onyo la joto ni taarifa kwamba joto limezuiwa mahali fulani katika njia yake ya kutoka. Mahali hapo paweza kujulikana bila vyombo vya gharama, kwa kutazama saa tu: kompyuta imechukua muda gani tangu kuwashwa hadi kutoa onyo?

JOTO HUTOKA WAPI

Prosesa ni kipande kidogo cha silikoni chenye swichi nyingi mno za umeme. Kila swichi inapofunguka na kujifunga hutumia umeme kidogo sana, na umeme huo wote huishia kuwa joto. Prosesa haiinui mzigo wala haizungushi gurudumu. Kwa hiyo ikipokea wati 65 za umeme hutoa wati 65 za joto. Kiasi hicho chakaribia joto la balbu ya kizamani ya wati 60, ila prosesa hulitoa katika eneo lipatalo ukucha wa kidole gumba.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na swichi zipatazo 2,300 na haikufikia hata wati moja. Prosesa za aina ya 80486, zilizotoka mwaka 1989, mwanzoni ziliweza kufanya kazi bila feni yoyote. Pentium 4 ya mwaka 2000 ilikuwa na swichi milioni 42, na kufikia mwaka 2004 baadhi ya prosesa za jina hilo zilikuwa zimepita wati 100. Ndipo watengenezaji walipotambua kwamba njia hiyo haiendi mbali, na prosesa za Core 2 Duo za mwaka 2006 zikarudi kwenye wati 65 ingawa zilifanya kazi nyingi zaidi. Basi fundi anayekutana na kompyuta ya miaka ya 2004 na 2005 ana haki ya kuitilia shaka ya joto kabla hata hajaifungua.

Tanzania ilianza kuzijua kompyuta zilipokuwa bado mitambo mikubwa. Ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mitambo ya namna hiyo ilikaa katika chumba chake yenyewe, chenye hewa iliyopozwa, na watu wa kawaida hawakuingia humo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Na zilipokuja kuenea, hasa katika miaka ya 1990, zilikuja katika umbo jingine. Kompyuta ya mezani iliacha chumba cha baridi na kukaa mbele ya karani, kando ya dirisha lililo wazi. Kazi ya kupoza, ambayo hapo kwanza ilikuwa ya jengo zima, ilikabidhiwa feni yenye upana wa sentimita 8 au 9.

NJIA YA KUTOKEA

Ili kuelewa onyo hapana budi kuifuata safari ya joto hatua kwa hatua. Joto hutoka katika silikoni na kuingia katika kifuniko cha chuma kilicho juu yake. Kutoka hapo hupita katika tabaka jembamba la pesti, yaani uji mzito wa kijivu au mweupe, na kuingia katika kipande cha alumini chenye mapezi mengi ambacho mafundi hukiita hitisinki. Feni husukuma hewa kati ya mapezi hayo, hewa hubeba joto, na feni nyingine iliyo nyuma ya kasha huitoa hewa hiyo chumbani. Mwisho kabisa, joto hutoka chumbani kupitia madirisha, kuta na paa.

Kazi ya pesti haieleweki vizuri kwa wengi, hata wengine hudhani ni gundi. Vyuma viwili vikigusana, hata vikiwa vimesuguliwa mpaka vinang'aa, hugusana katika vilele vidogo vidogo tu. Kati ya vilele hivyo hubaki mabonde yaliyojaa hewa. Hewa tulivu ni kizuizi kikubwa cha joto: shaba nyekundu hupitisha joto mara zipatazo 15,000 kuliko hewa. Pesti huingia katika mabonde hayo na kuifukuza hewa. Yenyewe haipitishi joto vizuri kama chuma, na kwa sababu hiyo ikipakwa nene huwa kizuizi badala ya kuwa msaada.

Chukua mfano wa prosesa ya wati 65 katika chumba chenye nyuzi 32. Ndani ya kasha lililo safi hewa huwa na joto zaidi ya chumba kwa nyuzi 6 hivi, yaani 38. Mapezi yaliyo safi yataongeza nyuzi 23, na pesti iliyo nzima nyuzi 6 au 7. Prosesa itakuwa na nyuzi zipatazo 67, na itafanya kazi mpaka jioni bila malalamiko. Sasa acha vumbi lizibe nusu ya njia ya hewa. Tofauti ya mapezi itakuwa 46 badala ya 23, na ya kasha 12 badala ya 6. Jumla itafika nyuzi 96. Maonyo ya kompyuta nyingi huwekwa mahali fulani kati ya nyuzi 70 na 90, kwa hiyo kompyuta hii itapiga kelele.

Lakini kompyuta hiyohiyo chafu, asubuhi ya Julai katika chumba chenye nyuzi 20, ingekuwa na nyuzi 84. Na kama onyo lake limewekwa katika nyuzi 90, ingenyamaza. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huona kwamba kompyuta ilikuwa nzima Julai na kuharibika Oktoba, wakafikiri kuna kitu kilichovunjika katika Oktoba. Hakuna kilichovunjika. Uchafu ulikuwamo tangu zamani, na Oktoba imekuja kuongeza nyuzi 12 tu zilizokuwa zimebaki.

NYUKI WA MIYOMBO

Katika misitu ya miyombo inayouzunguka mji wa Tabora, wafugaji wa Kinyamwezi tangu zamani wametundika mizinga ya magome juu ya miti. Ndani ya mzinga, penye majana, nyuki hulinda joto lisipite sana nyuzi 35. Siku ya jua kali baadhi yao husimama mlangoni na kupepea kwa mabawa, wakiisukuma hewa yenye joto itoke nje. Wengine huleta maji na kuyapaka juu ya masega, na maji hayo yanapogeuka mvuke huchukua joto na kuondoka nalo. Ni kanuni ileile inayoyapoza maji katika mtungi.

Kompyuta ina njia ya kwanza tu. Feni haitengenezi baridi. Huhamisha joto kutoka mahali hapa kulipeleka mahali pengine, na kamwe haiwezi kuifanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumbani. Njia ya pili, ile ya maji, haifai kabisa penye umeme, na wale wanaotundika kitambaa chenye maji mbele ya feni huingiza unyevu katika bodi kuu na kuileta kutu ambayo vumbi peke yake lisingeileta. Na kama vile nyuki wasivyoweza kuupoza mzinga ambao mlango wake umezibwa, ndivyo na feni isivyoweza kupoza kasha lililosukumwa mpaka ukutani.

Tabora ina jambo moja zaidi. Mji uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma ujazo uleule wa hewa, lakini hewa hiyo hubeba joto pungufu. Tofauti yake ni ndogo, nyuzi mbili tatu hivi, nayo kwa kompyuta safi haina maana. Kwa kompyuta ambayo tayari imefika ukingoni, nyuzi mbili tatu ndizo zinazoisukuma.

SAA KAMA CHOMBO CHA KUPIMIA

Kila sehemu ya njia ya joto ina uzito wake, na uzito huamua jinsi inavyopata joto, haraka au polepole. Kifuniko cha prosesa chaweza kuwa na gramu 20 hivi. Hitisinki ya alumini yaweza kuwa na gramu 400. Hewa ya chumba na kuta zake huhitaji saa nyingi. Kwa ajili hiyo muda wa onyo hueleza mahali penye kizuizi.

Ikiwa kompyuta huonya au hujizima katika sekunde chache, au katika muda usiozidi nusu dakika tangu kuwashwa, basi joto halifiki kabisa kwenye hitisinki. Prosesa iliyoachwa peke yake huweza kupanda nyuzi 4 hadi 8 kila sekunde. Sababu yake karibu siku zote ni kwamba hitisinki haikukaa sawasawa. Katika kompyuta nyingi za Intel zilizotengenezwa tangu mwaka 2004, hitisinki hushikiliwa na miguu minne ya plastiki inayosukumwa ndani ya matundu ya bodi. Plastiki hiyo hukauka kwa miaka, na mguu mmoja ukichomoka hitisinki huinuka upande mmoja. Kompyuta iliyosafirishwa katika buti la basi kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, ikiwa imelazwa vibaya, huweza kufika ikiwa na tatizo hili hili. Yafaa kulitazama kabla ya kuiwasha, maana si prosesa zote zinazojilinda. Tangu mwanzo Pentium 4 ilikuwa na ulinzi wa ndani wa kujipunguzia kazi joto linapozidi, lakini baadhi ya prosesa za AMD Athlon za karibu na mwaka 2001 ziliweza kuungua katika sekunde chache hitisinki ikiondoka.

Ikiwa onyo huja baada ya dakika tatu hadi kumi, hata kama hakuna kazi nzito, tazama feni ya prosesa. Wati 65 zikiingia katika gramu 400 za alumini bila hewa inayopita, joto hupanda kwa nyuzi 11 hivi kila dakika. Na prosesa ikiwa haina kazi nyingi hupanda polepole zaidi. Feni huweza kusimama kwa sababu ya waya ulioingia kati ya mapanga yake, au kwa sababu mafuta ya ekseli yake yamekauka. Feni ya namna hii ya pili ina hila: huzunguka vizuri inapowashwa, kisha hupunguza mwendo na kusimama inapopata joto. Mtu akiitazama kwa nukta chache na kuridhika, atadanganyika. Yafaa kuitazama kwa dakika kumi kamili.

Ikiwa onyo huja baada ya nusu saa au zaidi, au wakati wa kazi nzito tu, kuna mashaka mawili: mapezi yamezibwa na vumbi, au pesti imekauka. Mambo haya mawili hutofautishwa kwa mkono. Kompyuta ikishatoa onyo, izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kasha lifunguliwe mara moja, na kidole kiguse mapezi kwa uangalifu, kwa maana huweza kuunguza. Mapezi yakiwa ya moto sana, joto limefika hapo likashindwa kuondoka. Kosa ni la vumbi au la feni. Mapezi yakiwa na uvuguvugu tu, na hali kompyuta ilisema prosesa ina nyuzi 90, basi joto halikufika kwenye mapezi. Kosa ni la pesti au la miguu ya hitisinki. Jaribio hili halihitaji senti moja, nalo huokoa kazi nyingi ya kubahatisha.

Mwisho, ikiwa onyo huja mchana tu, kati ya saa saba na saa kumi, lakini asubuhi kazi ileile hufanyika bila taabu, basi prosesa na hitisinki yake si wa kulaumiwa peke yao. Hapo ubavu wa kasha waweza kufunguliwa kwa nusu saa, kwa ajili ya kupima. Joto likishuka sana, njia ya hewa ndani ya kasha imezibwa, au feni ya nyuma imekufa. Lisiposhuka, ni chumba. Lakini kasha lisiachwe wazi siku zote kama inavyofanyika katika ofisi nyingi. Kasha lililofungwa huilazimisha hewa kuingia mbele na kutokea nyuma, ikipita juu ya diski na sehemu nyingine zenye joto. Likifunguliwa, hewa hupita njia fupi, na vumbi la Tabora huingia bila kubisha hodi.

Kuna dalili nyingine isiyotoa onyo lolote. Prosesa yenye ulinzi wa ndani, inapokaribia kikomo chake, hujipunguzia mwendo ili isiungue. Mtumiaji huona kompyuta imekuwa nzito kila mchana, barua moja huchukua muda mrefu kufunguka, naye husema ni virusi. Huenda ni virusi kweli. Lakini virusi havijui saa nane mchana. Kompyuta ambayo ni nyepesi asubuhi na nzito alasiri inaomba brashi kabla ya kuomba programu.

KAZI YENYEWE

Vifaa ni vichache: bisibisi, brashi laini mpya ya kupakia rangi, kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, spiriti safi ya kusafishia, na bomba dogo la pesti ya prosesa. Waya wa umeme huchomolewa kwanza, na anayefanya kazi hugusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine ili umeme tuli wa mwilini usipite katika bodi. Katika kiangazi cha Tabora, hewa inapokuwa kavu, tahadhari hii si ya kitabuni tu.

Vumbi huondolewa nje, si ndani ya ofisi ambamo litarudi palepale. Mapanga ya feni hushikwa kwa kidole yasizunguke wakati wa kupulizwa. Baadhi ya watu hupeleka kasha kwa mafundi wa matairi ili lipulizwe kwa kompresa. Hewa ya kompresa ina nguvu ya kutosha, lakini mara nyingi huwa na matone ya maji na mafuta kutoka katika tangi. Matone hayo yakikauka pamoja na vumbi huganda kama udongo wa kufinyanga kati ya mapezi. Asiye na njia nyingine na aache kompresa ipulize chini kwanza mpaka maji yaishe, kisha asimame mbali. Mashine ya kufyonza vumbi nayo haifai karibu na bodi, maana huzaa umeme tuli. Kisanduku cha umeme kilicho nyuma ya kasha kisafishwe kwa kupulizwa kutoka nje tu, kisifunguliwe: kapasita zake huweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Kasha likiwa wazi, yafaa kuzitazama pia kapasita zilizosimama kando ya prosesa, zile zenye umbo la kopo dogo. Vichwa vyake huwa bapa. Vikiwa vimevimba au vimetoa utomvu wa kahawia, bodi yenyewe imechoka, na kusafisha hakutaiponya. Kompyuta nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitoka kiwandani zikiwa na kapasita dhaifu. Hata zilizo imara huogopa joto, kwani kwa makadirio ya kawaida kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita kwa nusu. Hii ni sababu ya kusafisha hata kompyuta ambayo haijatoa onyo.

Kubadili pesti ni kazi ya uvumilivu. Katika kompyuta za zamani zaidi, zenye prosesa ya miguu mingi kama sindano, pesti iliyokauka huishika prosesa kwa nguvu. Anayeivuta hitisinki moja kwa moja huing'oa prosesa pamoja nayo na kuipinda miguu. Njia iliyo salama ni kuiwasha kompyuta kwa dakika chache ili pesti ilainike, kuizima na kuchomoa waya, kisha kuizungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuiinua. Pesti ya zamani hufutwa yote kwa kitambaa na spiriti, juu ya prosesa na chini ya hitisinki, mpaka chuma kionekane. Pesti mpya huwekwa katikati, kiasi cha punje kubwa ya mchele, na uzito wa hitisinki huitandaza. Wako wanaotumia dawa ya meno pesti inapokosekana. Dawa ya meno ina maji. Siku ya kwanza hupoza vizuri kabisa, na ndiyo sababu habari zake zimeenea, lakini maji hukauka kwa joto la prosesa na kubakiza chokaa.

Miguu ya plastiki inaporudishwa husukumwa kwa jozi, mmoja na ule ulio kinyume chake, mpaka kila mmoja utoe mlio wa kuingia. Kisha bodi hutazamwa kwa nyuma, kama inawezekana, kuhakikisha kuwa miguu yote minne imetokeza. Feni nayo irudishwe ikitazama upande uleule iliotazama kwanza. Feni ya nyuma iliyofungwa kinyume huvuta hewa ya nje ndani na kupigana na mwenzake.

ONYO LISILO LA KWELI

Si kila onyo ni la haki. Kompyuta iliyolala usiku kucha bila umeme, ikiwashwa asubuhi, yapasa katika dakika ya kwanza kuonyesha nyuzi chache tu juu ya joto la chumba. Ikionyesha 85 papo hapo, na mapezi ni baridi, yafaa kwanza kuikagua hitisinki. Ikiwa imekaa imara, kipimo chenyewe ndicho chenye makosa. Vivyo hivyo ikionyesha nyuzi 12 katika chumba cha nyuzi 28, kwa sababu hakuna prosesa inayopozwa kwa feni iwezayo kufanya hivyo.

Kuna pia onyo la feni ambalo hudhaniwa kuwa la joto. Bodi kuu ina soketi maalumu ya feni ya prosesa na huhesabu mizunguko yake. Feni ikichomekwa katika soketi nyingine, bodi huamini kwamba hakuna feni, ingawa inazunguka mbele ya macho ya fundi. Na katika kompyuta kuukuu betri ndogo ya volti 3 iliyo juu ya bodi huisha nguvu, mipangilio yote hupotea kila umeme unapokatika, na kila asubuhi kompyuta huanza kwa ujumbe wa makosa na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Ujumbe huo hutibiwa kwa betri mpya.

Kuzima onyo katika mipangilio, au kukipandisha kikomo chake mpaka linyamaze, ni rahisi kuliko yote yaliyotajwa hapa. Anayefanya hivyo amevunja king'ora na kuuacha moto.

CHUMBA

Huko Kwihara, karibu na Tabora, limehifadhiwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Kuta zake nene za udongo ni za namna iliyotumiwa na wafanyabiashara wa njia ya misafara, nazo hulipokea joto la mchana polepole sana, hata linapokaribia kufika ndani jua limekwisha kutua. Paa la bati lisilo na dari hufanya kinyume chake. Saa nane mchana chumba cha namna hiyo huweza kuwa na joto kubwa kuliko kivuli cha mwembe ulio nje, na kompyuta iliyomo hupokea hewa yenye nyuzi 35 au 36 badala ya 32. Dari, hata ya mbao nyepesi au mkeka, hupunguza joto hilo. Mahali pasipo na dari, kasha laweza kuhamishwa kutoka ukuta wa magharibi, kuinuliwa kutoka sakafuni kwa urefu wa matofali mawili kwa sababu vumbi jingi huwa chini, na kuachiwa nafasi ya shubiri moja nyuma yake. Kazi nzito, kama vile kuchapa mamia ya kurasa zenye picha, huweza kupangwa asubuhi.

Baadhi ya mafundi hubandika karatasi ndogo ndani ya mlango wa kasha. Huandikwa humo tarehe ya kusafishwa, joto la chumba na joto la prosesa baada ya nusu saa ya kazi. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ndiyo inayofaa kulinganishwa, si joto la prosesa peke yake: 67 toa 32 ni 35, na asubuhi ya Julai 55 toa 20 ni 35 vilevile, nayo kompyuta ni ileile, safi. Tofauti hiyo ikifika 50, brashi hutafutwa, hata kama ni mwezi wa Mei na kompyuta haijasema neno.